Pesa ya mavuno isiishie kwenye pagale

KILA msimu wa mauzo unapofika, iwe wa korosho kule Mtwara na Lindi, wa pamba Shinyanga na Simiyu, wa kahawa Kagera na Kilimanjaro au wa mahindi katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, madalali wa viwanja nao huingia kazini. Wanajua mkulima amelipwa. Wanajua pia kwamba mkulima anaogopa fedha zisije zikayeyuka mkononi kabla mvua hazijarudi. Neno lao huwa moja: nunua ardhi, ardhi haiozi.

Neno hilo lina ukweli ndani yake. Wapo wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi ambao vyumba vinne au fremu mbili za biashara zimewasomeshea watoto na kuwatunza uzeeni. Hatuna sababu ya kumkatisha tamaa mtu anayetaka kufuata njia hiyo.

Hata hivyo, msomaji azunguke pembezoni mwa mji wowote nchini ajionee mapagale. Kuta zimeishia usawa wa madirisha, nondo zinapata kutu juani, misingi imegeuka vichaka. Kila pagale ni mtaji wa mtu. Ni mbolea ambayo haikununuliwa, ni rafu za duka zilizobaki tupu, ni ada iliyokopwa kwa jirani. Na pagale halina mpangaji, wala halilipi chochote mwisho wa mwezi.

Msimamo wetu ni kwamba nyumba ya kupangisha ni biashara kama duka au mashine ya kusaga. Haistahili kuanzishwa kwa sababu tu fedha zipo mfukoni. Anayeanza anapaswa kujifunza mambo matatu kabla ya kutoa hata shilingi moja: kisheria ananunua nini, kitamlipa kiasi gani, na mtaji wake unaweza kumfikisha wapi bila kuliua shamba au duka linalomlisha.

Unanunua haki, si udongo

Jambo la kwanza ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi ni kwamba, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mtu hanunui udongo wenyewe. Ananunua haki ya kuutumia, pamoja na kile kilichojengwa au kupandwa juu yake. Haki hizo hazilingani nguvu, na bei yake haipaswi kulingana.

Iliyo imara zaidi mjini ni hati miliki, ambayo hutolewa kwa kiwanja kilichopangwa na kupimwa, kwa muda wa miaka 33, 66 au 99. Hati hiyo ina masharti. Inataja matumizi, kama ni makazi au biashara, inataka kiwanja kiendelezwe ndani ya muda, na inataka kodi ya pango la ardhi ilipwe kila mwaka. Asiyetimiza masharti anaweza kufutiwa miliki.

Katika maeneo ya mijini yaliyojengwa bila kupimwa, upo utaratibu wa leseni ya makazi. Leseni inamtambua mwenye nyumba, lakini ni ya muda mfupi na lazima ihuishwe. Anayenunua nyumba yenye leseni asiilipie bei ya nyumba yenye hati.

Kijijini ipo hati ya hakimiliki ya kimila. Kwa mwanakijiji ni haki kamili, inaweza kurithishwa, na haina kikomo cha miaka. Lakini ardhi ya kijiji ina mwenyewe, ambaye ni jamii nzima ya kijiji. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kuiuza, hata kama mhuri uko mfukoni mwake. Uhamisho unahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji, na mauzo yaliyofanyika bila ridhaa hiyo yamekuwa yakitamkwa batili mahakamani. Mfanyabiashara wa mjini anayekwenda kijijini kununua ekari tano kwa karatasi iliyoandikwa chini ya mwembe, mbele ya mashahidi wawili, hajanunua kitu. Amenunua kesi.

Kuna pia kile ambacho madalali hukiita kiwanja, kumbe ni kipande tu cha shamba lililokatwa kwa kamba, ishirini kwa ishirini, bila ramani wala namba. Hatusemi kila kipande cha aina hiyo ni utapeli. Nyumba nyingi za miji yetu zimeanzia hapo. Tunachosema ni kwamba mnunuzi ajue amenunua kipande ambacho bado kinasubiri mpango wa mji, na mpango huo unaweza kuja na barabara inayopita katikati ya sebule yake.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na hakuna mahali ambapo usemi huo una thamani kubwa kuliko kwenye ununuzi wa ardhi. Dalali atasema kuna mteja mwingine anakuja jioni. Mwache mteja huyo aje. Kiwanja ambacho hakiwezi kusubiri wiki mbili za ukaguzi ni kiwanja cha kutiliwa shaka.

Kwa ardhi yenye hati, mnunuzi aombe upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Kwa ada ndogo, upekuzi huo utamwonyesha mmiliki aliyesajiliwa ni nani, na kama hati imewekwa rehani benki au ina zuio la mahakama. Nakala iliyo mkononi mwa muuzaji haitoshi, kwa kuwa nakala inaweza kughushiwa na hati halisi inaweza kuwa kabatini kwa mkopeshaji. Mnunuzi adai pia stakabadhi za kodi ya pango la ardhi za miaka iliyopita, asije akabebeshwa deni la mtu mwingine.

Kwa ardhi isiyo na hati, afike ofisi ya ardhi ya halmashauri aulize eneo hilo limepangiwa matumizi gani, kisha afike serikali ya mtaa au kijiji, na mwisho azungumze na majirani wa pande zote nne, muuzaji akiwa hayupo. Jirani anajua kama eneo liliwahi kuuzwa mara mbili. Anajua kama kaka wa muuzaji yuko Dar es Salaam na hajui kwamba urithi wake unauzwa.

Hapo ndipo migogoro mingi inapozaliwa. Ardhi ya urithi haiuzwi na mtoto mmoja kwa sababu tu ndiye aliyebaki nyumbani. Inauzwa na msimamizi wa mirathi, na barua ya usimamizi hutolewa na mahakama. Aidha, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi anayemkwepa mke wa muuzaji ili mambo yaende haraka anajichimbia kaburi. Mwenza asaini, tena kwa hiari yake na mbele ya wakili.

Baada ya karatasi, mnunuzi akague mahali penyewe. Kiwanja kikaguliwe masika, si kiangazi peke yake, kwa kuwa bonde likikauka huonekana tambarare nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, fukwe na maziwa. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliua watu na kuharibu nyumba nyingi za mabondeni, na waathirika wakapelekwa Mabwepande. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilianza kuwekewa alama ya X na kubomolewa. Waliojenga humo hawakuwa wajinga. Wengi waliuziwa na watu waliojua wanachokiuza.

Barabara nayo ina eneo lake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zipo sehemu ambazo hifadhi ni kubwa zaidi. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya kwenye Barabara ya Morogoro, nyumba na majengo ya biashara yaliyokuwa ndani ya mita 121.5 yalibomolewa kupisha upanuzi. Kiwanja kilichoko kando ya lami ndicho kinachomvutia zaidi mfanyabiashara wa fremu, na ndicho kinachohitaji futi kamba kabla ya mkataba.

Malipo yenyewe yapite benki, ili siku ya ubishi kuwe na ushahidi usiosahau. Mkataba uandaliwe na wakili wa mnunuzi, si wakili aliyeletwa na muuzaji. Gharama ya wakili, mpima na upekuzi inaweza kuonekana kubwa kwa mtu aliyezoea kuhesabu magunia. Ilinganishwe na gharama ya kesi. Kwa mujibu wa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata sasa linasuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindikana mgogoro unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kutoka hapo unaweza kupanda hadi Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Mkulima anayefuata kesi mjini kila baada ya wiki sita halimi.

Hesabu isiyojidanganya

Tuchukulie kwamba ardhi ni safi. Je, nyumba italipa? Hapa wengi hujidanganya kwa kuzidisha kodi ya chumba kwa idadi ya vyumba, kisha kwa miezi 12, halafu wakatabasamu.

Tuweke mfano. Msomaji abadilishe tarakimu kulingana na bei za kwake, lakini afuate hatua hizi hizi. Kiwanja kimegharimu shilingi milioni 4. Nyumba ya vyumba sita, choo, bafu na uzio mdogo vimegharimu shilingi milioni 24. Mtaji wote ni shilingi milioni 28. Kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa vyumba sita ni shilingi 240,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 2,880,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo hesabu ya dalali.

Sasa tufanye hesabu ya mwenye nyumba. Vyumba havijai mwaka mzima. Mpangaji anahama, chumba kinapakwa rangi, dalali anatafuta mwingine. Tukitoa mwezi mmoja kwa kila chumba, mapato yanabaki shilingi 2,640,000. Tutenge sehemu moja ya kumi kwa matengenezo, yaani shilingi 264,000, kwa sababu bati litavuja, kitasa kitaharibika na choo kitajaa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango, ambayo ni shilingi 264,000 nyingine. Ipo kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 imekuwa ikikatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, ipo kodi ya pango la ardhi, na ipo nauli ya kwenda kukusanya fedha. Vyote hivyo tuvipe shilingi 112,000.

Kinachobaki ni shilingi milioni 2 kwa mwaka. Gawanya kwa mtaji wa milioni 28: ni kama asilimia 7. Kwa kodi peke yake, fedha hizo zitarudi baada ya miaka 14.

Asilimia 7 si mbaya, wala si utajiri wa haraka. Kwa mtu ambaye fedha zake zingelala chini ya godoro, ni hatua. Kwa mwenye duka la pembejeo ambalo mzunguko wa bidhaa unamrudishia mtaji na faida mara kadhaa kwa mwaka, kuhamisha mtaji wa duka kwenda kwenye vyumba kunaweza kuwa hasara isiyoonekana. Ndiyo maana tunasisitiza kila mtu afanye hesabu yake. Mali bila daftari huisha bila habari.

Wapo watakaosema tumesahau kupanda kwa thamani ya ardhi. Hatujasahau. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, waliokuwa na viwanja vyenye nyaraka mjini humo walifurahi kwa haki kabisa. Lakini thamani iliyopanda huingia mfukoni siku ya kuuza tu, na huwezi kuitumia kununua mbolea Novemba. Pia haipandi kila mahali. Kabla ya kuamini kwamba bei itapanda, mnunuzi ajiulize nani atakayetaka kuishi hapo, na kwa sababu gani.

Sababu hiyo inaweza kuondoka. Februari 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani cha Dar es Salaam kilihamia Mbezi Luis kutoka Ubungo, na abiria wakahama nacho. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata mabweni mapya ya wanafunzi 3,840. Tukio la aina hiyo hubadilisha hesabu ya kila anayeuza chakula au kupangisha vyumba jirani. Anayewekeza karibu na stendi, chuo, kiwanda au mgodi aangalie kama kuna wateja wa aina nyingine watakaobaki endapo kile kikubwa kitaondoka.

Mkopo ni moto wa kuotea mbali

Tangu ilipopitishwa sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008 na kuanzishwa kwa kampuni ya kuziwezesha benki kutoa mikopo hiyo mwaka 2010, mikopo ya nyumba imekuwa ikipatikana kwa urahisi zaidi kuliko zamani. Hilo ni jambo jema kwa mwenye mshahara anayejenga nyumba ya kuishi. Kwa mkulima anayetaka kujenga vyumba vya kupangisha, hesabu ni kali.

Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme nusu ya ule mtaji, shilingi milioni 14, umekopwa kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza inakaribia shilingi 2,380,000. Faida ya nyumba nzima ilikuwa shilingi milioni 2. Yaani nyumba imejaa wapangaji, hakuna anayedaiwa, na bado mwenye nyumba anatoa fedha mfukoni kuilipa benki, hata kabla hajagusa deni lenyewe. Fedha hizo zitatoka shambani. Shamba likikosa mvua, benki itakuja kwenye dhamana.

Mkopo wa muda mfupi wa SACCOS au wa kikundi haufai pia kwa kazi hii. Huo ni wa kuzungusha bidhaa au kununua pembejeo, na marejesho yake hayasubiri nyumba ipauliwe. Mtu anayeanza ajenge kwa fedha zake, hata kama ni polepole.

Polepole, lakini ikamilike

Kujenga polepole kuna njia mbili. Ya kwanza ndiyo iliyojaza mapagale: mtu anachimba msingi wa vyumba sita mwaka huu, mwaka ujao anapandisha kuta, mwaka wa tatu bei ya korosho inaanguka, na nyumba inasimama hapo. Miaka mitatu ya akiba imelala kwenye tofali.

Ya pili ni kujenga kinachoweza kukamilika. Mwenye fedha za vyumba viwili ajenge vyumba viwili na choo, apaue, aweke milango, apangishe. Ramani ichorwe tangu mwanzo kwa nyumba nzima, ili vyumba vingine viongezwe baadaye bila kubomoa. Vyumba viwili vya mfano wetu, vikipangishwa miezi 11, vinaingiza shilingi 880,000 kwa mwaka kabla ya gharama. Ni kidogo, lakini kuta sita za wazi haziingizi chochote, na fedha hiyo inaweza kuwa mwanzo wa chumba cha tatu.

Kiasi cha kuanzia kitokane na mpangilio huu: kwanza pembejeo za msimu ujao au bidhaa za duka, pili chakula cha nyumbani, tatu ada na matibabu, nne akiba ya dharura. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kiwanja. Wanaoona tunazidisha tahadhari wakumbuke msimu wa korosho wa 2018/19. Wafanyabiashara walitaka kununua kwa bei ya chini, Serikali ikaamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Aliyekuwa na akiba alisubiri. Aliyekuwa ameimaliza kwenye saruji alilazimika kuuza alichonacho.

Ikiwa kinachobaki hakitoshi kiwanja, si aibu. Kiwekwe benki, kwenye SACCOS inayoaminika, au kwenye vipande vya mifuko ya pamoja kama ule wa Umoja ulioanzishwa chini ya UTT mwaka 2005, mradi mwekaji aelewe kwamba thamani ya vipande inaweza kupanda au kushuka. Ndugu wawili au watatu wanaweza pia kuunganisha nguvu wanunue pamoja. Waandikishane mapema nani ana sehemu gani, na mmoja akitaka kutoka atalipwaje. Undugu ambao haukuandikwa huvunjika siku ya kugawana kodi.

Mpangaji ni mteja

Mfanyabiashara wa duka anajua kwamba mteja akikasirika anavuka barabara. Wenye nyumba wengi hawajui hilo. Choo kimejaa, wanasema kesho. Wapangaji sita wanatumia mita moja ya LUKU na kila wiki kuna ugomvi wa nani ana jokofu. Matokeo yake ni vyumba kukaa vitupu, na tumeona kwamba mwezi mmoja mtupu unakula kama asilimia 8 ya mapato ya mwaka.

Mkataba uandikwe hata kwa chumba cha shilingi 20,000. Utaje kodi, muda, notisi, nani anatengeneza nini, na umeme na maji vinalipwaje. Kuhusu desturi ya kulipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, mwenye nyumba akumbuke kwamba fedha hiyo bado si yake yote. Ni ya miezi ambayo haijafika. Anayeitumia yote Januari atajikuta Mei hana hela ya kununua bati lililopeperushwa na upepo.

Mkulima uliye jirani na mji, usiuze kwa ekari

Tumezungumza na wanaonunua. Wapo wasomaji wetu ambao tayari wana ardhi ambayo wengine wanaitafuta. Hao ni wakulima ambao mji umewafuata shambani.

Mara nyingi huuza kwa ekari kwa mtu aliyekuja na gari, na baada ya miezi sita wanaona shamba lao la zamani limekatwa viwanja. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,047. Kipande cha ishirini kwa ishirini ni mita za mraba 400. Kwenye karatasi ni vipande kumi. Ukitoa barabara na njia, tuseme saba. Kama ekari iliuzwa kwa shilingi milioni 5 na kila kiwanja kinauzwa kwa shilingi milioni 3, mkataji amepata shilingi milioni 21. Hata akitumia milioni 4 kwa mchora ramani, mpima na barabara, tofauti ni kubwa mno. Tofauti hiyo ni malipo ya kazi ambayo mkulima angeweza kuisimamia mwenyewe.

Kukata viwanja kienyeji si jibu. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka mchoro uidhinishwe na mamlaka ya upangaji kabla ya kugawa. Lakini majirani watano au kumi wenye mashamba yanayopakana wanaweza kwenda halmashauri kwa pamoja, wakachangia upangaji na upimaji, wakaacha eneo la barabara na shule, kisha kila mmoja akabaki na viwanja vyenye namba. Anaweza kuuza viwili kulipia gharama, akajenga kwenye kimoja, na akaendelea kulima vilivyobaki hadi atakapovihitaji. Mkulima wa aina hiyo amewekeza bila kununua hata hatua moja ya ardhi. Tunaamini hiyo ndiyo njia nyepesi na salama kuliko zote kwa aliye na bahati ya kuwa nayo.

Serikali nayo iwajibike

Hatuwezi kumtwisha mwananchi mzigo wote. Mtu hununua kipande kisichopimwa kwa sababu kilichopimwa ni ghali au hakipo. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba halmashauri na Wizara zikiamua, viwanja halali vinaweza kupatikana kwa wingi. MKURABITA ulioanza mwaka 2004 ulijengwa juu ya wazo sahihi, kwamba mali ya mnyonge ikitambuliwa inaweza kumsaidia kupata mtaji.

Tunatoa wito kwa halmashauri zipime ardhi ya pembezoni mwa miji kabla madalali hawajafika. Ramani za matumizi ya ardhi na mipaka ya hifadhi za barabara zibandikwe kwenye ofisi za kata na vijiji, mahali ambapo mkulima anaweza kuziona bila kumjua mtu. Na watumishi wanaogonga mhuri kwenye mauzo ya kiwanja kimoja kwa watu wawili wafikishwe mahakamani, badala ya kuhamishiwa wilaya nyingine.

Kwa msomaji, ushauri wetu ni mwepesi kuukumbuka. Msimu huu, dalali akija, mwambie asubiri. Chukua daftari. Ukurasa wa kwanza andika nyaraka ulizoziona kwa macho na ofisi ulizozifikia. Ukurasa wa pili andika kodi ya mwaka, toa mwezi mtupu, matengenezo na kodi za Serikali, kisha gawanya kwa mtaji. Ukurasa wa tatu andika fedha za mbolea, chakula na ada, na uone kinachobaki. Kurasa zote tatu zikikubali, nunua. Ukurasa mmoja ukikataa, rudisha fedha benki na uende shambani. Ardhi haiozi, kwa hiyo nyingine itakuwepo msimu ujao.